Mstari Si Mkulima: Historia ya Orodha ya Simu Milimani Usambara

Ukifungua orodha ya wakulima 300 kwenye simu, macho yanaona majina manane au tisa. Mengine yako chini, yanasubiri kidole kiyapandishe. Wengi huamini kwamba mistari yote 300 imeshachorwa na imejipanga nyuma ya kioo. Sivyo. Simu imechora mistari michache tu, labda 12. Mstari unaotoweka juu ya kioo hautupwi: huchukuliwa, huandikwa jina jingine, kisha huletwa chini kana kwamba ni mpya. Wakulima 300 wanapokezana mistari 12.

Kazi yangu ni mistari hiyo. Mimi ni mzaliwa wa Soni, pale barabara ya Bumbuli inapoachana na ya Lushoto, na ninaandika programu za simu kwa ajili ya wanunuzi wa mboga na vikundi vya wakulima wa Milima ya Usambara. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wanazikuta kanuni za orodha zimeshakamilika, wanazifuata bila kujua zimetoka wapi. Nimeona niandike zilikotoka. Kila kanuni ilipatikana baada ya hasara fulani, na mwandishi asiyeijua hasara hiyo ataandika kitufe kitakachomlipa mtu mwingine.

Kaunta buku

Biashara ya mboga kwetu ina umri mkubwa kuliko simu. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo chao Mlalo mwaka 1891. Serikali ya kikoloni ikaweka ofisi zake Lushoto, ikapaita Wilhelmstal, na mwaka 1905 reli iliyoanzia Tanga ikafika Mombo, chini kabisa ya mlima. Kabichi, karoti, viazi, pea na plamu ziliukubali ubaridi wa kwetu, na kona za barabara inayoshuka kupitia Soni hadi Mombo zikawa njia yake ya kwenda duniani. Soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilipofunguliwa mwaka 1975, mkulima wa Lukozi, Malindi au Shume alianza kulitaja kama anavyotaja soko la kijiji cha jirani.

Kati ya shamba na lori la Fuso anasimama mnunuzi. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, mtu wa kabichi na pilipili hoho, na chombo chake cha kazi kilikuwa kaunta buku. Aliandika jina la mkulima, kijiji, zao, idadi ya matenga au viroba, bei ya siku hiyo, na mwisho kabisa aliacha nafasi ya tiki ya kalamu nyekundu. Mara nyingi mkulima haoni fedha siku anayopakia mzigo. Fedha hupanda mlima baada ya mzigo kuuzwa Kariakoo, Ilala au Temeke Stereo, na hapo ndipo tiki inapopata uzito. Tiki ikikaa pasipo pake, kuna mama Malindi anayekosa hela ya mbolea ilhali kitabu kinasema kalipwa.

Kitabu kile kilikuwa na sifa mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzisifu. Ya kwanza, mstari wake hauhami. Mkulima aliyeandikwa wa 41 atabaki wa 41 hata waongezwe wengine 100 chini yake. Ya pili, tiki na jina vinakaa kwenye karatasi moja, wino mmoja kando ya mwingine, na huwezi kukivuta kimoja ukakiacha kingine. Orodha ilipohamia kwenye simu sifa zote mbili zilipotea, na juhudi za waandishi wa programu tangu hapo zimekuwa za kuzirudisha.

Namba badala ya kitufe

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994 na Mobitel, kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Tigo. Vodacom ilianza kazi mwaka 2000. Huku milimani minara ilikuja taratibu, na hata ilipokuja, mlima uliweka mipaka yake: aliye kwenye tuta la juu anapata mtandao, aliye bondeni nyuma ya tuta hilohilo hapati kitu. Naomba msomaji aikumbuke hali hiyo, kwa sababu ndiyo inayofanya orodha za kwetu ziwe ngumu kuliko za mjini.

Orodha ya kwanza ya simu ambayo watu wa Lushoto waliizoea haikuwa na kitufe hata kimoja kwenye kioo. Aprili 2008 Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya mwezi Machi 2007. Unapiga *150*00#, kioo cha kiswaswadu kinakuletea maneno machache, kila neno na namba yake, nawe unajibu kwa namba. Ujumbe mmoja wa mfumo huo, unaoitwa USSD, hauzidi herufi 182, kwa hiyo orodha ndefu hukatwa vipande.

Namba unayobonyeza ndiyo kitufe chako. Simu yenyewe haielewi lolote: inapeleka tarakimu kwa kampuni, na kompyuta ya huko ndiyo inayokumbuka kwamba katika kikao hiki tarakimu hiyo ilisimama badala ya huduma fulani. Hapa nafasi ya jambo kwenye orodha ndiyo utambulisho wake, wala hakuna hatari, kwa kuwa orodha imetulia. Haisogei hata kidogo mpaka ujibu au kikao kikatike. Na kabla fedha haijatoka, mfumo unakuonyesha jina la mpokeaji na kukutaka uweke namba ya siri. Wazee wangu, ambao hawajawahi kugusa simu janja, wanajua kwamba jina husomwa kwanza, namba ya siri hufuata. Ni desturi njema, na wengi waliotengeneza programu za simu janja waliiacha mlangoni.

Mwaka 2008 kwa upande wa pili

Mwaka huohuo orodha ya aina nyingine ilizaliwa mbali na Lushoto. Julai 2008 Apple ilifungua duka la programu za iPhone. Oktoba ikaanza kuuzwa Marekani simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliyoitwa pia G1. iPhone ya kwanza ilikuwa na RAM ya megabaiti 128. G1 ilikuwa na megabaiti 192, na kila programu ndani yake iliruhusiwa kujitanua hadi megabaiti 16 tu. Katika nafasi hiyo finyu mwandishi alitakiwa aonyeshe majina yote, barua zote, nyimbo zote za mwenye simu. Mstari mmoja wenye picha, jina na kitufe ni vitu kadhaa vinavyopaswa kujengwa, kupimwa na kupangwa. Kuijenga mistari 300 kwa mpigo kungeijaza kumbukumbu ya simu na kuifanya isimame.

Wazo la kuepuka ujenzi huo lilikuwapo tayari. Mwaka 1990 Paul Calder na Mark Linton walieleza namna ya kuonyesha hati ndefu bila kutengeneza kitu kipya kwa kila herufi: herufi moja inashirikiwa, inachorwa kila mahali inapohitajika. Kitabu cha Erich Gamma na wenzake kuhusu mbinu za usanifu wa programu, cha mwaka 1994, kiliisambaza mbinu hiyo kwa waandishi wengi. Java ilipotoa Swing mwaka 1998, jedwali lake lilitumia mchoraji mmoja kwa mistari yote. Apple na Google zililichukua wazo hilohilo, kila moja kwa njia yake, zikalipeleka mahali ambapo halijawahi kufika. Herufi ya Calder na Linton haibonyezwi. Mchoraji wa Swing habonyezwi. Mstari wa simu unabonyezwa, una kitufe, na kitufe kinatenda jambo. Matatizo yote nitakayoyasimulia yalianzia hapo.

Mtu wa Lushoto hahitaji darasa ili aelewe kuchakata huku. Tenga linashuka Dar es Salaam na plamu za mkulima mmoja, linarudi tupu juu ya Fuso, na safari ijayo linabeba pea za mkulima mwingine. Hakuna anayesuka tenga jipya kwa kila mzigo. Lakini mpakiaji makini hung'oa kwanza kikaratasi cha jina la zamani. Asipokitoa, pea zitafika sokoni kwa jina la mwenye plamu, na malipo yatamfuata huyo. Mstari wa simu unaorudishwa kwa mwandishi ni tenga hilo: unarudi na kikaratasi chake, na simu haimng'olei mtu.

Tiki zinazohama

Kwenye Android chombo cha kwanza cha kazi hii kiliitwa ListView. Kila mstari ulipohitajika, ListView ilimwita mwandishi na kumpa vitu viwili vya maana: namba ya nafasi inayotakiwa kujazwa, na mstari wa zamani kama upo, kwa jina la convertView. Kama hakuna wa zamani, jenga mpya. Kama upo, ujaze upya uurudishe.

Waandishi wa mwanzo walijaza jina, wakajaza kijiji, wakaweka tiki kwa aliyelipwa. Walichosahau ni kuiondoa tiki kwa ambaye hajalipwa. Mkulima wa 2 aliyelipwa alipopanda na kutoweka juu ya kioo, mstari wake ulishuka kumbeba mkulima wa 14, na tiki ikaja nao. Ukishuka zaidi, unaikuta kwa wa 26. Kanuni iliyotokana na hasara hiyo ni rahisi kuitamka: kila sharti lina pande mbili, na zote mbili lazima ziandikwe. Aliyelipwa, weka tiki. Ambaye hajalipwa, ondoa tiki. Usiseme kwamba haijawekwa, kwa kuwa hujui mstari huo ulitoka kwa nani.

Picha nazo zilihama, kwa sababu nyingine. Picha ya mkulima inaagizwa kutoka kwenye seva, na mtandao wa mlimani unaweza kuchelewa sekunde nyingi. Mstari ulioiagiza unakuwa umeshapewa mkulima mwingine picha inapowasili, na picha inatua palepale ilipoagizwa. Sura ya mzee wa Mtae inakaa juu ya jina la binti wa Rangwi.

Vitufe ndivyo vilivyoleta madhara makubwa zaidi. Kitufe huwa na msikilizaji, yaani kipande cha programu kinachosubiri kidole ili kitende kazi. Mwandishi akimpa msikilizaji mkulima wa nafasi ya 2, kisha mstari ukapewa mkulima wa 14 bila msikilizaji kubadilishwa, kioo kinaonyesha wa 14 ilhali kitufe kinamlipa wa 2. Kisanduku cha tiki kina hila ya ziada ambayo iliwasumbua hata wazoefu. Programu yenyewe inapokibadilisha kisanduku ili kionyeshe hali ya mkulima mpya, msikilizaji wa zamani anadhani ni kidole cha mtu kimegusa, anakimbilia kwenye kumbukumbu na kumbadilishia hali mkulima aliyekwisha kuondoka kwenye kioo. Hakuna aliyebonyeza kitu. Mtu amesogeza orodha tu, na hesabu zimeharibika kimya kimya. Ndiyo maana mwandishi mzoefu humwondoa kwanza msikilizaji wa zamani, ndipo anaweka hali ya kisanduku, kisha anamweka msikilizaji mpya. Mpangilio huo ukigeuzwa, hasara inarudi.

Kulikuwa pia na kasoro ambayo haikuharibu hesabu lakini iliwachosha watu. Ukiweka kitufe ndani ya mstari wa ListView, mstari wenyewe ulikuwa unaacha kusikia kidole, kwa kuwa kitufe kilijitwalia umakini wote. Ilibidi mwandishi aagize waziwazi kwamba vilivyomo ndani ya mstari visiuzuie mstari wenyewe. Wakulima na wanunuzi walibonyeza jina mara nyingi, wakakata shauri kwamba simu ni mbovu.

Niliiona hitilafu ya tiki kwa macho yangu Lukozi, kwenye programu ambayo kampuni moja iliwagawia wakusanyaji wake. Mama mmoja mkusanyaji alimwekea tiki mkulima wa juu, akashuka, akakuta tiki kwa mtu ambaye hata mzigo wake haujapimwa. Alipopanda juu, tiki zikawa zimebadilika tena. Nilimwamkia, nikakaa naye, tukarudia mara kadhaa kila mmoja akishuhudia. Hakupandisha sauti. Aliiweka simu chini, akatoa kaunta buku kwenye mkoba, akaniambia kwamba kitabu chake hakijawahi kumhamisha mtu. Tangu siku hiyo naipima kila programu ninayoandika kwa maneno hayo.

Elimu ilivyotufikia

Google yenyewe iliona waandishi wanavyohangaika. Katika mkutano wake wa waandishi wa programu wa mwaka 2009, Romain Guy alieleza namna ya kuiharakisha ListView. Mwaka 2010 yeye na Adam Powell walitumia kipindi kizima kuizungumzia ListView peke yake: jinsi mistari inavyorudi, kwa nini mtu asitafute upya jina na kitufe ndani ya mstari kila mara, na jinsi ya kuvihifadhi pamoja kwenye kishikizo kimoja kilichoitwa ViewHolder.

Kwetu elimu hiyo ilipitia baharini. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na serikali ikawa inajenga mkongo wa taifa kuunganisha mikoa. Nairobi ikapata iHub mwezi Machi 2010, na Dar es Salaam ikapata Buni ndani ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mahali ambapo vijana waliweza kukaa na kufundishana. Mimi nilijifunza Dar es Salaam, nikipakua video usiku bando linapokuwa rahisi, nikiziangalia mchana kama mtu anayesoma kwa mtihani. Mwaka 2011 Huawei IDEOS iliuzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000 za huko, simu janja ya Android kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikiria.

Huduma za wakulima hata hivyo ziliendelea kutegemea ujumbe mfupi na namba. M-Farm ya Kenya iliyoanza mwaka 2010 ilipeleka bei za mazao kwa SMS. Tigo Kilimo ya hapa Tanzania, ya mwaka 2012, ilitumia menyu za namba. Naona kulikuwa na busara katika hilo. Orodha iliyotulia ilimlinda mkulima wakati ambapo waandishi walikuwa bado wanajifunza kuishi na orodha inayosogea.

Swali linaloulizwa wakati wa kubonyeza

Mwaka 2014 Google ilitangaza chombo kipya, RecyclerView, kilichotolewa pamoja na Android 5.0. Kishikizo cha Romain Guy na Adam Powell, ambacho hapo awali kilikuwa ushauri, sasa kikawa lazima. Mistari iliweza kusogea taratibu mkulima anapoongezwa au kuondolewa. Na jambo moja lililozoeleka likaondolewa: RecyclerView haikuja na msikilizaji wa mstari kama ListView. Kila mwandishi alilazimika kuamua mwenyewe nani anasikiliza kidole, na anasikiliza kwa niaba ya nani.

Hapo ndipo wengi waliteleza upya. Walimpa msikilizaji namba ya nafasi wakati wa kuujaza mstari, wakadhani imekwisha. Lakini mkulima mpya akiingizwa juu ya orodha, mistari iliyo chini yake haijazwi tena, inasogezwa tu. Kitufe kilichokariri nafasi ya 5 sasa kiko nafasi ya 6, na bado kinasema 5. Mnunuzi anabonyeza Lipa kwa mkulima anayemwona, na anayelipwa ni jirani wa juu. RecyclerView ilileta dawa yake: kishikizo huulizwa wakati uleule wa kubonyeza, "Uko nafasi gani sasa?" Na kinaweza kujibu -1, maana yake mstari huu kwa sasa hauna nafasi yoyote, umeondolewa au orodha inapangwa upya. Mwandishi mwaminifu akipata -1 hatendi lolote. Mwaka 2016 ikaongezwa DiffUtil, inayolinganisha orodha ya zamani na mpya ili mistari iliyobadilika tu ndiyo iguswe. Mwaka 2021 hata swali la nafasi liligawanywa mara mbili, kwa kuwa orodha moja iliweza kuundwa na orodha kadhaa zilizounganishwa, na nafasi ndani ya kipande si nafasi ndani ya orodha nzima.

Mjini mtu anaweza kuandika kwa miaka bila kuiona hitilafu hii, kwa sababu mtandao ni wa moja kwa moja na orodha hubadilika kidogo kidogo. Milimani ni tofauti. Wakusanyaji watatu wanapima mzigo asubuhi nzima mabondeni bila mtandao, kila mmoja na simu yake. Wakifika kwenye tuta lenye mtandao, kumbukumbu zao zote hupanda kwenye seva na kushuka kwa wenzao. Orodha iliyokuwa imetulia tangu alfajiri inabadilika kwa mara moja, majina yanaingia katikati na juu, na mara nyingi ni dakika hiyohiyo ambapo mnunuzi ameitoa simu mfukoni ili alipe. Kidole kimeshaanza safari kuelekea kwa mtu mmoja, na aliye chini ya kidole kinapotua ni mwingine.

Kwa hiyo hata jibu sahihi la "uko nafasi gani sasa" halinitoshi kwa mambo ya fedha. Linamtambua aliye chini ya kidole, haliwezi kumtambua aliyekuwa moyoni mwa mnunuzi. Katika programu ninazoandika, kila mkulima anapewa namba yake siku anayoandikishwa, namba isiyobadilika na isiyorithiwa. Nafasi natumia kuchora, namba ya mkulima natumia kutenda. Kitufe cha Lipa kikibonyezwa hakilipi. Kinafungua ukurasa unaojaza kioo kizima, jina la mkulima, kijiji, mzigo na kiasi, na ukurasa huo umefungwa kwa namba ya mkulima, hausogei hata seva ikileta majina 100. Mnunuzi anasoma jina kwa sauti, mkulima aliye mbele yake anaitikia, ndipo anathibitisha. Ni desturi ya fedha za simu, nimeirudisha mahali inapohitajika zaidi.

Kizazi kisichouona mstari

Leo vijana wengi hawaandiki tena RecyclerView kwa mkono. Flutter ilitoka toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018, na Jetpack Compose ya Google Julai 2021. Ukiwa nazo unaeleza tu orodha ifananeje, na chombo kinajichorea chenyewe mistari inayoonekana. Kazi imekuwa nyepesi, na ninaifurahia. Lakini hatari haijaondoka, imesogea nyuma ya pazia. Katika Compose, usipotaja ufunguo wa kila kitu kwenye orodha, hali ya mstari hushikamanishwa na nafasi yake. Mkulima mpya akiingia juu, tiki au maandishi yaliyokuwa ya mmoja yanajikuta kwa jirani. Ni hitilafu ileile niliyoikuta Lukozi, na dawa ni ileile: toa namba ya mkulima iwe ufunguo.

Wapo wanaosema simu za sasa zina nguvu, mambo ya kuchakata mistari ni ya zamani. Waje wahesabu simu zilizomo mifukoni sokoni Lukozi. Desemba 2017 Google ilitoa Android Go kwa ajili ya simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au pungufu, na simu za namna hiyo, za itel na Tecno, ndizo zinazofanya kazi ya mzigo huku kwetu, zimejaa picha na video za WhatsApp. Kwenye simu hizo kubana kumbukumbu bado ni suala la kufanya kazi au kutofanya kazi. Mbinu iliyozaliwa kwa unyonge wa G1 inaishi Usambara kwa sababu unyonge huo haujaisha hapa. Tunaihitaji, na kwa kuwa tunaihitaji ni lazima tuijue mpaka mizizi yake.

Kijana unayetaka kuandika programu kwa ajili ya wakulima wa Lushoto, Bumbuli au popote pengine, nakuomba ufanye jaribio hili kabla ya kuipeleka kwa mtu. Nunua simu ya bei ya chini kabisa dukani. Weka wakulima 300. Mwekee tiki wa kwanza, shuka mpaka mwisho, panda tena, uhakikishe hakuna tiki iliyozaliwa njiani. Zima mtandao, ongeza wakulima wapya kutoka simu nyingine, kisha uwashe wakati kidole kiko juu ya Lipa. Angalia nani amelipwa. Rudia ukiwa umegeuza simu, rudia ukiwa umemfuta mkulima mmoja sekunde ileile unayombonyeza. Programu isiyofaulu jaribio hilo isikabidhiwe fedha ya mkulima.